Kitumbua Kilichokufa: Jinsi Mtoto Mdogo na Mtu Mzima Wanavyouona Ulimwengu Mmoja

Asubuhi moja nyumbani kwetu Ngamiani, katika jiji la Tanga, bibi yake binti yangu alichukua kitumbua kilichokuwa bado cha moto, akakimega katikati ili kipoe upesi, na akakiweka kwenye kisahani mbele ya mjukuu wake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na nusu. Mtoto alikitazama kitumbua, akamtazama bibi, kisha akaangua kilio kilichowafanya majirani wachungulie uani kuuliza kulikoni. "Ni kile kile, mama, nimekipoza tu," bibi alimbembeleza. Mtoto akakisukuma kisahani na kujibu kwa uchungu, "Siyo! Kimekufa!"

Watu wazima tuliokuwapo tulicheka, na sioni ubaya wa kicheko kile, kwa sababu hakikuwa cha dharau. Hata hivyo, neno "kimekufa" lilinikaa moyoni siku nzima. Mtoto mwenye njaa tu angesema anataka kula, na mtoto mkaidi tu angesema hataki. Huyu alitoa maelezo: kitu kilikuwapo, kimefanyiwa jambo, na sasa hakipo tena. Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba siku chache kabla ya hapo, redio yetu ilipozimika ghafla, baba yake alisema mbele yake, "Redio imekufa." Mtoto alikuwa amelichukua neno hilo, akalitungia kanuni kwamba kitu kikiharibika umbo au kazi yake kimekufa, na akaitumia kanuni hiyo kwa kitumbua bila kukosea hatua hata moja. Tulichotofautiana naye ni iwapo kitumbua kilichomegwa kimeharibika. Kwetu sisi kitumbua ni chakula, na chakula hakiharibiki kwa kumegwa. Kwake yeye kitumbua kilikuwa kitu kizima cha mviringo, chenye ukingo wa kahawia, na kitu hicho hakikuwapo tena duniani.

Ninaandika makala haya kwa sababu naamini kwamba karibu kila kichekesho cha mtoto mdogo kina hesabu ya namna hiyo ndani yake, na kwamba sisi wazazi na walezi tunapoteza mengi tunapokichukua kichekesho na kuiacha hesabu. Wataalamu wa makuzi ya watoto wameifuatilia hesabu hiyo kwa takriban miaka mia moja, na yale waliyoyaona yanaweza kusomwa vizuri sana kutoka kwenye jamvi la uani.

Aliyefungua njia ni Mswisi Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980, ambaye aliwachunguza kwa makini watoto wake mwenyewe watatu pamoja na watoto wengi wa mji wa Geneva. Jaribio lake linalojulikana zaidi ni rahisi kulifanya jikoni. Mbele ya mtoto wa miaka minne au mitano huwekwa glasi mbili zinazofanana, zenye maji ya kiasi kimoja, na mtoto mwenyewe hukubali kwamba yako sawa. Kisha maji ya glasi moja humiminwa katika glasi nyembamba na ndefu, na mtoto huulizwa tena kama maji yako sawa. Watoto wengi walio chini ya miaka sita au saba hujibu kwamba ile ndefu ina maji mengi zaidi, ingawa wameshuhudia kwamba hakuna tone lililoongezwa. Piaget alieleza kwamba mtoto wa umri huo hushika jambo moja linaloonekana wazi, yaani kimo cha maji, na hawezi bado kulipima pamoja na la pili, yaani upana wa glasi, wala kuirudisha ile hatua ya kumimina nyuma kwa fikra.

Maelezo hayo yalikubalika kwa muda mrefu, na bado yana ukweli mkubwa, lakini watafiti waliokuja baadaye walishuku kwamba sehemu ya kosa ilikuwa ya mwulizaji. Mwaka 1974, huko Uskoti, James McGarrigle na Margaret Donaldson walipanga safu mbili za vibao zenye idadi sawa, halafu, badala ya mtafiti kuzitawanya kwa mkono wake, wakamwachia mwanasesere wa dubu "mtundu" azivuruge kana kwamba ni kwa bahati mbaya. Watoto waliosema kwamba idadi bado ni ile ile waliongezeka sana. Miaka kumi baadaye, Judith Samuel na Peter Bryant walionyesha kwamba mtoto akiulizwa swali mara moja tu, baada ya mageuzi, hukosea kidogo kuliko akiulizwa mara mbili. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili atalielewa jambo hili bila kuhitaji maabara. Mkubwa akikuuliza, ukajibu, kisha akakuuliza tena swali lile lile huku akikutazama usoni, unajua kwamba jibu lako la kwanza halikumridhisha. Mtoto anayebadilisha jibu anaweza kuwa anasoma uso wa mkubwa wake kwa ufasaha zaidi kuliko anavyosoma glasi.

Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, hata hivyo, mambo yako nyuma zaidi ya hapo. Yeye hajafika kwenye swali la wingi. Anachojali ni kama kitu bado ni kile kile, na kwake utambulisho wa kitu umekaa kwenye umbo lake. Ndiyo maana ndizi iliyokatika wakati wa kumenywa huleta msiba, ilhali ndizi ndogo iliyo nzima hupokelewa kwa furaha. Bibi alijaribu kuvishikanisha vile vipande viwili vya kitumbua ili vionekane kama kitu kimoja, na kwa dakika moja hivi kilio kilinyamaza, mpaka mtoto alipoinua upande mmoja na ule mwingine ukabaki kisahanini.

Kuhusu hilo neno la kufa, na kwa jumla kuhusu tabia ya watoto ya kuvipa vitu uhai, nadhani sisi watu wazima tunapaswa kusema ukweli juu ya mchango wetu. Mtoto akijikwaa na kuanguka, mkubwa wa kwanza kufika hupiga sakafu kofi na kusema, "Sakafu mbaya! Nimeichapa!" Mtoto akigonga kichwa kwenye meza, meza nayo huadhibiwa. Kisha mtoto yule yule akiuaga mkeka usiku, au akikataa kuvaa kandambili moja kwa sababu mwenzake "atalia", tunashangaa amelitoa wapi wazo hilo. Lugha yetu yenyewe imejaa uhai wa namna hiyo. Betri hufa, bahari huchafuka, moto hula nyumba, na wavuvi wa pwani huyaita maji ya kipindi ambacho bahari haijai sana wala haipwi sana maji mafu. Mtu mzima hupita juu ya maneno haya bila kuyasikia kwa sababu amekwisha kuyazoea, lakini mtoto huyasikia kwa mara ya kwanza na kuyapokea kama taarifa.

Tofauti hii niliiona vizuri zaidi kwenye safari zetu za Raskazone. Tulifika siku moja wakati maji yamekupwa, na pale alipozoea kuchovya miguu palikuwa na mchanga mtupu, matope na vikaa vidogo vinavyokimbilia mashimoni. Akauliza, "Bahari imekwenda wapi?" Nilipokuwa nikitafuta maneno ya kumjibu, yeye alikuwa amekwisha kujijibu, "Imekwenda kulala." Mvuvi aliyekuwa akifuma wavu wake karibu na hapo alimweleza kwa upole kwamba itarudi usiku. Mvuvi anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba kutoka kujaa hadi kujaa kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25, na kwamba bamvua, yaani wakati bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mtoto hajui lolote kati ya hayo, lakini ameshika jambo moja ambalo watu wengi wazima wanaopita pale kwa gari hawalioni kabisa, nalo ni kwamba bahari iliyokuwapo haipo na kwamba kutokuwapo kwake kunahitaji sababu.

Tulipokuwa tunarudi kwa baiskeli, giza likiwa limeingia, yeye akiwa amefungwa kwenye kiti chake cha nyuma, alinigonga mgongoni na kuniambia kwa sauti ya siri kwamba mwezi unatufuata. Nyumba zilikuwa zinabaki nyuma, minazi inabaki nyuma, nguzo za umeme zinabaki nyuma, lakini mwezi ulikuwa unakwenda nasi, na tuliposimama njia panda nao ulisimama. Piaget aliandika katika miaka ya 1920 kwamba watoto wa Geneva walimwambia jambo hilo hilo. Sababu yake ni umbali. Mnazi ulio mita kumi kutoka barabarani hubadilisha upande wake machoni mwetu kila tunapokanyaga pedali mara moja, ilhali mwezi uko mbali kiasi cha kilomita 384,000, na safari nzima kutoka Raskazone hadi Ngamiani haitoshi kubadilisha pembe tunayoutazamia kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukitambua. Kitu ambacho hakibaki nyuma wakati sisi tunakwenda mbele, jicho hukiona kama kinachokwenda nasi. Jicho la mtu mzima huona hivyo hivyo, na tofauti ni kwamba mtu mzima ameacha kuliamini. Tena Kiswahili kinasema mwezi "umeandama", na kuandama ni kufuata. Sikuwa na moyo wa kumkosoa.

Mwanga wa pili katika jambo hili unatoka kwenye majina tunayoitana nyumbani, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa sidhani kuna mahali ambapo mtoto wa Kiswahili hupewa kazi ngumu zaidi. Nyumbani mwetu yuko mwanamke mmoja mwenye majina yasiyopungua manne. Mimi, kwa kuwa ni mkwe wake, humwita mama. Mume wangu naye humwita mama. Binti yangu humwita bibi. Majirani wa rika lake humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na vijana wa mtaani humwita bi mkubwa. Yeye, kwa upande wake, humwita mjukuu wake "mama" anapombembeleza, na anapotaka utani humwita "mke mwenzangu", kama desturi ya utani baina ya bibi na mjukuu inavyomruhusu.

Hebu tulitazame hilo kutoka kimo cha mtoto. Kwake "mama" lilikuwa jina langu, kama vile "jiko" lilivyo jina la jiko. Siku alipomsikia baba yake akimwita bibi "mama", alimrekebisha kwa upole unaofaa kwa mtu aliyesahau, "Baba, huyu bibi. Mama huyu hapa," huku akinishika goti. Baba yake alipomweleza kwamba bibi ni mama yake yeye, alikataa katakata na kusema, "Baba hana mama. Baba mkubwa." Hoja yake ni nzuri, kwa maana katika uzoefu wake wenye mama ni watoto, na baba si mtoto. Na bibi alipomwita mke mwenzake, alijibu kwa kukereka, "Mimi siyo mke, mimi nakunywa uji." Tulicheka hadi machozi, lakini hapo pia ipo hesabu: wanaokunywa uji asubuhi katika nyumba yetu ni watoto, wanaoitwa wake hunywa chai, basi yeye hawezi kuwa mke.

Piaget alikutana na fundo hili alipokuwa akiwauliza watoto habari za ndugu zao. Mtoto angesema kwamba ana kaka, na alipoulizwa kama kaka yake naye ana ndugu, angesema hana. Nililijaribu jambo hili kwa mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka minne. "Una kaka?" Ninaye. "Na kaka yako, ana mdogo wake?" Akafikiri sana, akatazama barazani alipokuwa amekaa kaka yake, na kusema, "Hana. Ana mpira." Ili aweze kujihesabu yeye mwenyewe kuwa mdogo wa mtu, mtoto huyo anahitaji kutoka mahali alipo, asimame mahali pa kaka yake, na kujitazama kutoka kule. Maneno kama mama, kaka, shangazi na mkwe hayakai juu ya mtu kama nguo. Yanakaa katikati ya watu wawili, na hubadilika kila anayesema anapobadilika. Utani nao unadai zaidi ya hapo, kwa sababu ni lazima mtoto ashike kwa pamoja maana mbili za neno moja, ile inayosemwa na ile inayokusudiwa, na ajue kwamba bibi naye anajua kwamba maneno hayo si kweli.

Salamu zina ugumu wa jamaa moja na huu. Binti yangu alijifunza "shikamoo" na "marahaba" kama wimbo mmoja wenye sehemu mbili, na kwa muda aliwasalimu wageni kwa kusema zote mbili mfululizo, yeye mwenyewe akijiitikia. Baadaye aligundua kwamba sehemu ya kwanza hupewa wazee. Siku moja njiani tulikutana na beberu wa jirani, mnyama mkubwa mwenye ndevu ndefu nyeupe, na binti yangu akasimama, akaweka mikono pamoja, akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo babu." Mwanaisimu Eve Clark alionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wanaoanza kusema hupanua maana za maneno wakifuata zaidi sura ya vitu, hasa umbo, na kwa hiyo mtoto anayejua neno moja la mnyama mwenye miguu minne huweza kulitumia kwa wengine wengi. Alama ya uzee aliyoijua binti yangu ilikuwa ndevu nyeupe, na beberu alikuwa nazo kuliko mzee yeyote wa mtaa wetu.

Kujitazama kutoka mahali pa mwingine ndiko pia kunakoeleza mchezo wa kujificha, ambao kwa mtoto mdogo una namna yake. Binti yangu hujificha katikati ya chumba, akiwa amejitupia upande wa khanga usoni, miguu yote nje, na kusubiri atafutwe. Watu wengi hudhani kwamba mtoto anaamini mwili wake umetoweka. James Russell na wenzake wa Cambridge waliwauliza watoto wa miaka mitatu na minne jambo hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012, na walipata jibu lisilotarajiwa: watoto walikubali kwamba mwili na kichwa vinaonekana, lakini wakashikilia kwamba wao wenyewe hawaonekani. Ilielekea kwamba kwao mtu huonekana pale macho yanapokutana na macho. Kwa maana hiyo mtoto aliyejifunika khanga anasema jambo la maana kabisa, kwamba ninaweza kuuona mguu wake kadiri nipendavyo, lakini yeye bado sijampata.

Kujua kwamba moyo wa mwenzako una mambo yasiyo sawa na yaliyo moyoni mwako huja kwa ngazi. Betty Repacholi na Alison Gopnik, katika utafiti wao wa mwaka 1997, waliwaonyesha watoto mtu mzima anayefurahia mboga mbichi na kuchukizwa na biskuti, kisha mtu huyo akaomba chakula kwa kunyoosha mkono. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, kwa kuwa wao wenyewe waliipenda. Wale wa miezi 18 walimpa mboga. Nikimwona mtoto wa mwaka mmoja akitoa kipande cha mkate kilicholowa mate kinywani mwake na kukisukuma kinywani mwa babu yake, huwa nakumbuka kwamba huo ni ukarimu wa kweli, wa mtu anayetoa kile anachokijua kuwa kizuri. Ngazi nyingine iko mbali zaidi. Mwaka 1983, Heinz Wimmer na Josef Perner walitumia kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini na kuondoka, na mama yake akaihamisha nyuma yake. Watoto wengi wa miaka mitatu husema kwamba mvulana atakaporudi ataitafuta pale ilipo sasa, na ni kuanzia kama miaka minne au mitano ndipo wanapoanza kuona kwamba ataitafuta pale alipoiacha. Kabla ya hapo, kile ninachokijua mimi, dunia nzima inakijua. Ndiyo sababu binti yangu hunisimulia kwa simu kwa kunionyesha kidole, "Hiki hapa, mama," na kushangaa kwamba siwezi kukiona.

Lipo kosa jingine ambalo ni la macho na mwili zaidi kuliko la fikra. Binamu yake alitengenezewa gari la kopo la maziwa, lenye magurudumu ya visoda, dogo kama kiatu. Binti yangu alilifungua "mlango", akainua mguu, na akajitahidi kwa dhati kuingia ndani, akarudia mara tatu, kisha akaketi chini akiwa amevunjika moyo. Judy DeLoache na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2004 kutokana na watoto wa miezi 18 hadi 30 ambao walijaribu kuingia katika magari ya kuchezea na kukalia viti vya mwanasesere. Kwa maelezo yao, kuna sehemu ya ubongo inayotambua kitu ni nini na hutumiwaje, na kuna nyingine inayouongoza mwili kulingana na ukubwa wa kitu, na kwa mtoto mdogo ushirikiano wa sehemu hizo mbili bado haujakomaa. Ya kwanza ikisema "gari, ingia", mguu huinuka kabla ya ile ya pili kusikilizwa.

Linalonigusa kuliko yote ni mwendo. Kutoka mlangoni kwetu hadi duka la mtaani, mtu mzima hutumia dakika tano. Pamoja na mtoto hutumia nusu saa, na mara nyingi tunafika nimesahau nilichofuata. Katika safari moja ya namna hiyo alisimama kwanza kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kwa sababu ndani ya kengele yake iliyong'aa aliona uso mdogo wenye pua kubwa. Akasogea, pua ikakua. Akarudi nyuma, ikapungua. Alifanya hivyo mara nyingi, bila haraka, mpaka mwenye baiskeli alipotoka na kusubiri kwa heshima amalize. Hatua chache mbele palikuwa na sisimizi wanaoburuta punje ya wali kuelekea ufa wa sakafu ya baraza, na punje ilikuwa kubwa kuliko ufa. Nimepita njia ile kwa miaka tisa, na ningeulizwa kama kuna ufa kwenye baraza lile ningesema hakuna.

Alison Gopnik ameulinganisha usikivu wa mtu mzima na mwanga wa kurunzi, unaomulika mahali pamoja na kuacha pengine gizani, na ule wa mtoto na mwanga wa kandili, unaoenea pande zote kwa nguvu moja. Mwaka 2017, watafiti Daniel Plebanek na Vladimir Sloutsky waliwaonyesha watu wazima na watoto wa miaka minne na mitano maumbo mawili yaliyolaliana, la rangi nyekundu na la rangi ya kijani, na wakawaagiza wafuatilie moja tu. Katika lile waliloagizwa, watu wazima waliwashinda watoto. Katika lile ambalo hawakuagizwa, watoto waliwashinda watu wazima. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuchuja na kujizuia, hukomaa polepole sana, na kazi hiyo huendelea hadi mtu anapopita miaka ishirini. Kwa hiyo, mtoto anayeambiwa "twende dukani" halipuuzi agizo. Duka ni jambo moja katika mambo mengi yaliyopo njiani, na hakuna aliyekwisha kumthibitishia kwamba ndilo kubwa. Na asidhaniwe kuwa mvivu: Karen Adolph na wenzake huko New York walihesabu mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi 12 hadi 19, wanapocheza kwa uhuru, hupiga kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17.

Mgongano wa mwisho ninaotaka kuueleza ni wa wakati, na humu naona kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu mzima. Kwa binti yangu kila kilichopita ni jana. Idd iliyopita ni jana, safari ya Pangani ya miezi mitano nyuma ni jana, na hata asubuhi ya leo ni jana ikiwa amekwisha kulala mchana. Kesho nayo ni chochote ambacho hakijafika. Hayo hurekebika yenyewe kadiri mtoto anavyokua, lakini hebu tuyasikilize maneno yetu. Tunasema "nakuja sasa hivi" na kukaa nusu saa. Tunasema "subiri kidogo", na kidogo hicho hakina kipimo kinachoonekana. Mtoto aliyejifunza kwamba "sasa" ni hapa na hivi anaposikia "sasa hivi" na kuona mama bado anaongea na jirani mlangoni, kilio chake kina haki zaidi kuliko tunavyokubali.

Katika hili Kiswahili kimetupa msaada ambao hatuutumii vya kutosha. Saa zetu zinahesabiwa kutoka alfajiri, na Tanga, iliyo kama digrii tano kusini mwa ikweta, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ni kweli saa ya kwanza ya mwanga. Wakati wetu umefungwa kwenye jambo linaloonekana, na mtoto hushika kwa urahisi wakati uliofungwa hivyo. Bibi alilijua hili kabla yangu. Hamwambii mjukuu wake kwamba watakwenda ufukoni baada ya saa mbili. Humwambia kwamba wataondoka jua likishuka nyuma ya mwembe wa jirani, na mtoto huchukua kigoda chake, hukiweka mahali ambapo mwembe unaonekana vizuri, na kulisimamia jua lenyewe, akija kila baada ya muda kutuarifu kwamba bado liko juu ya matawi.